Mwani wa Paje, protini na wasomi wa Mizingani



Akina mama wengi wanaoifuata safu hii wana mazoea ya kusoma maandishi madogo yaliyo nyuma ya pakiti kabla ya kuitia kikapuni, na wanafanya jambo jema. Mtoto anataka jeli ya rangi, au peremende za kutafuna, au maziwa ya chokoleti yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Mama anaigeuza pakiti na kutafuta neno moja: jeletini. Akiliona, na pasiwe na alama ya halali, anairudisha rafuni. Mara nyingine pakiti ya pili, ambayo kwa macho haina tofauti na ya kwanza, haina neno hilo. Mahali pake pameandikwa karaginani, au herufi na tarakimu tu: E407. Mama anasita. Hii nayo ni nini, na imetoka kwa mnyama gani?

Haikutoka kwa mnyama. Imetoka baharini, kwenye mwani mwekundu, na huenda mwani huo uliwahi kufungwa kambani na mikono ya mwanamke wa Paje au Jambiani. Leo nataka tuifuate safari hiyo kinyumenyume, kutoka rafu ya dukani hadi ufukweni, kisha tuingie ndani ya chembe ya mwani wenyewe, mahali ambapo wasomi wachache wa hapa petu wametumia miaka mingi ya umri wao. Sababu ya kuandika haya itadhihirika tukifika mbele: mwani bora uliokuwa ukiwalipa wanawake wetu vizuri zaidi umekuwa ukifa, na majibu ya kwa nini unakufa yamo katika elimu ambayo wazazi wengi hawajawahi kuifikiria kwa ajili ya watoto wao.

Tuanze na jeletini, maana ndiyo inayotutia wasiwasi. Jeletini ni protini. Hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, aghalabu nguruwe au ng'ombe, mpaka ile protini inayoshikilia viungo vya mwili iachane nyuzi zake na kuyeyuka majini. Ikipoa, nyuzi hizo hushikana upya ovyo ovyo na kuyafunga maji katikati yake. Ndipo tukapata jeli. Hukumu ya kisheria ya kitu kilichobadilishwa kiwandani namna hiyo ni mlango wa wanavyuoni, nami siuingii. Nasema tu ni kitu gani.

Karaginani nayo hufunga maji, ila yenyewe siyo protini hata kidogo. Ni mnyororo mrefu wa sukari ambao mwani mwekundu huutengeneza kwenye kuta za chembe zake, ili mmea uwe mlaini na usikatike unapopigwa na mawimbi. Iko ya namna kadhaa. Ile itokayo katika mwani ambao wakulima wetu huuita kotonii huganda ikawa ngumu, khasa ikikutana na madini ya potasiamu. Ile ya spinosamu huwa laini yenye kunepa, nayo hupenda kalisiamu. Hiyo ndiyo inayofaa zaidi katika dawa ya meno. Na ijapokuwa karaginani siyo protini, ina urafiki wa ajabu na protini. Ikitiwa katika maziwa, hata kwa kiasi kidogo mno, hujishikiza na kaseini, yaani protini ya maziwa, na kufanya wavu mwembamba usioonekana. Ndiyo maana unga wa kakao katika maziwa ya chokoleti hauzami chini ya pakiti, na aiskrimu haifanyi chengachenga za barafu upesi. Sehemu ya siri ya biashara ya mwani duniani imo katika mkutano huo wa sukari ya bahari na protini ya nchi kavu.

Sasa turudi nyuma kidogo. Kabla ya kuwapo mashamba ya mwani Unguja, mwani wa mwituni ulikuwa ukiokotwa pwani, ukaanikwa na kuuzwa nje. Biashara hiyo ilififia katika miaka ya 1970. Wakati huohuo kijana mmoja wa Kitanzania, Keto Mshigeni, alikuwa amekwenda kusoma elimu ya mwani katika Chuo Kikuu cha Hawaii, akahitimu shahada ya uzamivu mwaka 1974. Hawaii ndiko alikokuwa akifundisha Maxwell Doty, mtu ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwasaidia wavuvi wa Ufilipino kuuacha mwani wa kuokota na kuanza kuulima kwa kamba. Mshigeni alirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akazunguka pwani yetu akiorodhesha mwani uliopo, na tangu miaka hiyo ya 1970 akawa anaandika kwamba vijiji vya pwani vingeweza kulima mwani. Ilichukua zaidi ya miaka kumi neno lake kusikika. Mwaka 1989 ndipo kilimo cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino.

Nimeandika mbegu kwa mazoea ya lugha tu. Mwani haupandwi kwa mbegu. Mkulima hukata vitawi kutoka mmea uliokomaa, akavifunga kwa vikamba vyembamba kwenye kamba ndefu iliyonyoshwa baina ya vigingi viwili, na baada ya wiki sita hivi huvuna, akabakisha vitawi vya kufunga tena. Kitawi cha leo ni mmea uleule wa jana. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, tutalirudia.

Kazi yenyewe hufanywa wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa mbali. Inakadiriwa kuwa wakulima wa mwani Zanzibar wamepindukia 20,000, na wanane katika kila kumi ni wanawake. Mwanzoni walikuwapo waume waliokataza, wakisema bahari si mahali pa mwanamke aliyeolewa kushinda kutwa. Upinzani huo ulipungua pesa zilipoonekana. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa kijiji cha pwani ya mashariki alikuwa na fedha zake mkononi: akanunua sare za shule, akanunua vyombo, akaezeka bati, akachangia harusi bila ya kumwomba mtu. Wapo wahitimu wa vyuo leo ambao karo yao ilitoka kwenye kamba za mama zao. Si fedha nyingi, tusidanganyane. Kilo saba hadi kumi za mwani mbichi hukauka zikawa kilo moja, na bei ya hiyo kilo moja huamuliwa mbali na Paje. Mwani mkavu husafirishwa kwenda viwanda vya Denmark, Ufaransa, Marekani na kwingineko, na karaginani hurudi kwetu ikiwa ndani ya pakiti ya maziwa kwa bei nyingine kabisa.

Kotonii, ile yenye karaginani ngumu, ilikuwa ikinunuliwa kwa takriban mara mbili ya bei ya spinosamu. Kila mkulima aliitaka. Kisha, kuanzia miaka ya mwanzo ya karne hii, kotonii ikaanza kufa Unguja. Vitawi vilipauka ncha, vikawa vyeupe kama mshumaa, vikalainika na kukatika. Ugonjwa huo duniani hupewa jina la barafu kwa sababu ya weupe huo. Mama aliyekuwa na kamba mia mbili za kotonii alirudi bamvua la pili akakuta kamba tupu. Wengine walihamia spinosamu kwa nusu ya bei. Wengine waliacha kabisa. Leo kotonii inapatikana zaidi Pemba, na hapa Unguja mashamba mengi ni ya spinosamu, ambayo nayo ina siku zake mbaya.

Kwa nini? Maneno yalikuwa mengi. Wako waliosema ni mafuta ya boti za watalii, wako waliosema ni husuda, na wako waliosema bahari imechoka. Hapa ndipo wanapoingia wale wasomi wa Mizingani.

Anayepita barabara ya Mizingani, Mji Mkongwe, akitokea bandarini, huyapita majengo ya Taasisi ya Sayansi za Bahari. Ni taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1978, na kabla yake palikuwapo hapa Zanzibar kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni. Siku hizi taasisi ina makazi mapya Buyu pia. Watu wengi wa mjini hawajui kinachofanyika humo. Hudhani wanahesabu samaki.

Katika miaka ya 1990 mtafiti wa taasisi hiyo, Dkt. Matern Mtolera, alijiuliza swali ambalo kwa juu laonekana dogo: chembe ya spinosamu inafanya nini inapopata shida? Alilifanyia kazi pamoja na wanasayansi wa Sweden na marehemu Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanamama ambaye jina lake lajulikana pia kwa kazi yake ya kuilinda mikoko, aliyefariki mwaka 2001. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Ulaya la elimu ya mwani, na nafikiri yanastahili kuelezwa kwa Kiswahili cha nyumbani, kwa kuwa yanamhusu mkulima wa Jambiani kuliko yanavyomhusu profesa yeyote.

Mwani, kama mmea wowote, hunasa mwanga wa jua na kutumia nguvu zake kujenga sukari kutokana na hewa ukaa iliyoyeyuka majini. Bahari ya mashariki ya Unguja ina tabia moja inayojulikana na kila mvuvi: maji ya bamvua hukupwa kuanzia kama saa nne asubuhi, jua likiwa linapanda. Hapo mwani umelala katika dimbwi la kina cha goti, maji yametulia, mwanga ni mkali kupita kiasi. Mwani na mimea mingine iliyomo dimbwini huivuta hewa ukaa yote iliyopo, na kadiri inavyokwisha ndivyo maji yanavyopoteza uasidi wake. Mwanga unaendelea kuingia ndani ya chembe, lakini malighafi ya kujengea sukari hakuna. Nguvu hiyo haiwezi kukaa bure. Huangukia kwenye oksijeni, na oksijeni iliyopigwa namna hiyo hugeuka kuwa haidrojeni peroksidi, maji yaleyale makali yanayouzwa dukani kwa kusafishia vidonda na kuparisha nywele.

Fikiria, msomaji, kiumbe kinachotengeneza dawa ya kuparishia ndani ya mwili wake mwenyewe. Chembe hai ina ulinzi dhidi ya sumu hiyo, na ulinzi wenyewe ni protini: vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuikamata peroksidi na kuivunja ikawa maji na oksijeni. Vipo na vimeng'enya vingine katika mwani huu vinavyoichukua peroksidi na kuitumia kuunganisha bromini iliyomo katika maji ya chumvi, vikatoa hewa nyepesi inayotoroka kutoka kwenye mmea. Utafiti wa pili wa watu walewale, uliochapishwa mwaka 1996, ulihusu jambo hilo. Lakini kila ulinzi una kikomo. Mwanga ukizidi, maji yakitulia mno, na jamii nyingine za mwani zikiwa zimesongamana zikishindania hewa ileile, peroksidi huzidi uwezo wa vimeng'enya, na chembe huanza kuunguzwa kutoka ndani. Mmea uliodhoofika hivyo huwa mlango wazi kwa bakteria na vijimwani vinavyoota juu yake.

Kwa lugha ya ufukweni maana yake ni hii: shamba liwe mahali maji yanapokwenda, kamba zisibanane, mwani mwingine unaojiotea uondolewe, na dimbwi la kina kifupi lisilo na mkondo liepukwe hata likiwa karibu na nyumbani. Wakulima wazee walikuwa wanajua baadhi ya hayo kwa macho yao. Utafiti uliwaambia kwa nini, na anayejua kwa nini anaweza kukisia kitakachotokea bahari ikizidi kuwa na joto. Mwani huu hustawi katika maji ya nyuzi baina ya 25 na 30 hivi. Ikivuka hapo, vimeng'enya vyenyewe huanza kulemewa, na ndivyo inavyotokea sasa katika madimbwi ya kaskazi.

Wapo watakaouliza: mtu wa molekuli na protini ana kazi gani ufukweni, si akae na darubini yake? Nitajibu kwa habari ya Mjapani mmoja, Osamu Shimomura. Mwaka 1961 alisafiri hadi kisiwa kimoja cha jimbo la Washington, Marekani, akawa anavua konyeza, wale viumbe laini ambao wengine huwaita yavuyavu, kutoka gatini kwa wavu wa mkono, maelfu kwa maelfu, akitaka kujua mwanga wao unatoka wapi. Alipata protini mbili, na moja kati yake hung'aa kijani ikimulikwa. Miaka mingi ilipita kabla ya watu kutambua kwamba protini hiyo ya kijani yaweza kuunganishwa na protini nyingine ndani ya chembe hai ili ionekane inakokwenda. Leo hutumika katika maabara za saratani na malaria duniani kote. Mwaka 2008 Shimomura na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia. Kazi ile isingefanyika bila ya mtu kuloa.

Mtolera naye hakubaki ndani ya chembe. Mwaka 2005 alikuwa mmoja wa waandishi watatu wa kitabu cha kutambulia mimea ya baharini ya Tanzania, mwani na majani ya bahari, kitabu ambacho mwanafunzi anaweza kukichukua akatembea nacho pwani akijua kila anachokikanyaga. Napenda mwendo huo wa elimu, kutoka kitu kisichoonekana kwa macho hadi ufuko mzima. Na ufuko mzima una maswali yake. Mwaka huohuo wa 2005 Dkt. Narriman Jiddawi, Mzanzibari wa taasisi hiyohiyo ya Mizingani, pamoja na wenzake wa Sweden, walichapisha utafiti wa ghuba ya Chwaka uliolinganisha maeneo ya majani ya bahari yenye mashamba ya mwani na yasiyo nayo. Chini ya mashamba, majani yalikuwa machache, na viumbe vidogo vinavyoishi humo vilikuwa haba zaidi. Viumbe hivyo ndivyo chakula cha samaki wetu. Kwa hiyo kilimo kinachomlisha mama chaweza, kikipangwa vibaya, kumpunguzia chango mvuvi ambaye pengine ni mumewe. Si habari ya kufurahisha, na nawapongeza kwa kuisema. Mtafiti anayeleta habari njema tu hana faida kubwa.

Tukirudie sasa kile nilichoomba kikumbukwe. Ikiwa kitawi cha leo ni mmea uleule wa jana, basi mwani uliofungwa Paje tangu mwaka 1989 ni mimea michache sana iliyokatwakatwa mara mamilioni. Hakuna mama wala mtoto. Ni nafsi moja iliyorefushwa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa vinasaba uliothibitisha jambo hilo: mwani wa mashamba yetu una asili ya Asia, na tofauti za vinasaba ndani yake ni ndogo mno. Utafiti huo na mwingine uliofuata mwaka 2015 ulionesha pia kwamba mwani wa jamii hizohizo wenye vinasaba vya asili ya Afrika Mashariki upo katika pwani yetu, ukiota mwituni, na kwamba ule wa kigeni umetoka mashambani na kujiotea pamoja nao.

Madhara ya nasaba moja ni mepesi kuyafahamu. Shamba lenye mimea ya nasaba mbalimbali likipigwa na joto, baadhi hufa na baadhi hubaki, na waliobaki ndio mbegu ya kesho. Shamba la mmea mmoja likishindwa, hushindwa lote. Vimeng'enya vilivyoelemewa katika kitawi cha kwanza ni vilevile vilivyomo katika kitawi cha elfu kumi, kwa kuwa maelekezo ya kuvitengeneza ni yaleyale, herufi kwa herufi. Huenda mwani wetu wa asili, ulioyazoea madimbwi haya kabla ya babu zetu kuyajua, una vimeng'enya vinavyostahimili zaidi. Huenda hauna. Jambo hilo haliamuliwi kwa kubahatisha wala kwa uzalendo. Huamuliwa kwa kuchukua vitawi, kuvitunza katika maji ya joto tofauti, kupima peroksidi, kusoma vinasaba, kisha kuvifunga kambani Paje na kusubiri wiki sita.

Wakati hayo yanangojewa, wapo waliotafuta njia nyingine. Dkt. Flower Msuya, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mtafiti wa mwani hapohapo Mizingani, alianza na hoja nyepesi: ikiwa madimbwi ya kina kifupi yanapata joto, tuupeleke mwani kwenye maji ya kina. Pamoja na wakulima alijaribu nyavu ndefu mfano wa bomba, kotonii ikiwa imejazwa ndani yake, zikaning'inizwa penye maji yaliyo baridi zaidi. Mwani ulikua. Kizuizi kilichojitokeza hakikuwa cha kibaiolojia: wanawake wengi wa vijiji vyetu hawajui kuogelea, hawana vyombo, na nguo ya stara iliyoloa maji ni nzito. Kilimo kilichokuwa cha kutembea kwa miguu sasa chataka boti na pumzi. Naona aibu kwamba katika kisiwa, ambako Waislamu wamesafiri kwa majahazi kwa zaidi ya miaka elfu, binti hufika utu uzima bila ya kufundishwa kuogelea kwa heshima, na mwalimu wa kike, na vazi linalofaa. Hilo ni jukumu la wazazi, taasisi zetu za dini na shule kwa pamoja, wala halihitaji mfadhili kutoka Ulaya.

Msuya pia alikuwa katika mstari wa mbele wa mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara wa mwani ulioanzishwa Zanzibar mwaka 2006, na kutokana na juhudi hizo wanawake wa Kidoti na vijiji vingine walijifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni, krimu na vyakula. Kilo moja ya mwani iliyogeuzwa sabuni huleta fedha nyingi kuliko ileile iliyotiwa guniani. Hata hivyo sabuni haiwezi kuumaliza mwani wote wa Unguja. Soko kubwa ni karaginani, na karaginani inataka kiwanda, na kiwanda kinataka mwani usiokufa.

Sasa niseme na wazazi, maana huu ndio msimu wa kuchagua masomo. Mtoto anayefanya vizuri sayansi kwetu ana njia mbili tu mdomoni mwa jamaa: udaktari au uhandisi. Akiwa binti, mara nyingi ni udaktari pekee, na akikosa alama mbili tatu husemwa ameshindwa. Njia niliyoieleza leo hupitia kemia na baiolojia ya sekondari, kisha shahada ya sayansi ya bahari au ya baiolojia ya molekuli, Dar es Salaam au katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kisha miaka mingi ya subira. Mshahara wake si wa kutajirisha. Msomaji atakuwa amegundua kwamba karibu kila utafiti niliouhadithia ulikuwa na jina la Sweden ndani yake. Nawashukuru Waswidi, wamesomesha watu wetu na kuchapisha pamoja nao kwa uaminifu. Lakini sampuli zinapopanda ndege ili zikasomwe, swali la kwanza kuulizwa juu yake ni la mwenye mashine, na swali la mama wa Jambiani hungoja zamu.

Mama huyo swali lake ni moja: nifunge ipi, na wapi, bamvua lijalo? Kwa sasa jibu bora nililopata kwa wanaojua ni spinosamu, penye mkondo, kamba zikiwa na nafasi, kitawi cha mbegu kikikatwa kutoka mmea usio na ncha hata moja nyeupe. Na palipo na boti na wenye kujua kuogelea, kotonii kidogo katika maji ya kina. Wale wenye kuona mwani wa mwituni wa jamii hizi ukiwa umestawi mahali ambapo wa shamba umekufa, wapeleke habari Mizingani au Buyu, wakitaja mahali na mwezi.